Ngoma Yenye Matundu Saba

Mvua ilikuwa siku ya nne mfululizo pale Kibondo, na Stafsajenti Asmahani alikuwa amevaa soksi za juzi, maana nyingine zilikataa kukauka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya stoo ya vielelezo, akitazamana na ngoma.

Ilikuwa ngoma kubwa ya mti mmoja, ya kumfika mtu mzima kiunoni. Ngozi yake ya juu ilikuwa imepasuka kwa uzee. Juu ya goti la Asmahani lilikaa jalada lenye karatasi tano tu. Mlalamikaji: Bibi Pelagia, miaka themanini na ushee, dada wa mwami, yaani mtemi, wa mwisho wa Gisangara, wilaya ya Kasulu. Mtuhumiwa: Longinus Havyarimana, mchonga ngoma na mizinga, mkazi wa Kitahana. Kosa: kuiba ngoma moja ya kale, mali ya ukoo, siku ya Alhamisi. Siku ya Jumatatu polisi wakaikuta ngoma kwa Longinus, nyuma ya mizinga ya nyuki.

"Asma, hiyo siyo kesi, hiyo ni barua," mkuu wake alikuwa amemwambia asubuhi. "Ifunge bahasha, kesho mzee apande mahakamani. Nimeshawaruhusu wenye ngoma yao waje kuichukua kwa dhamana. Jumamosi wana shughuli nayo."

Naye angeifunga. Miaka minne ya Kibondo ilikuwa imemfundisha kutoongeza kazi juu ya kazi. Tatizo lilikuwa kuku.

Aliinama tena, akamulika tochi kupitia ule mpasuko wa ngozi. Ndani mlikuwa na manyoya, maganda ya mayai, na mavi ya kuku yaliyokauka, tabaka juu ya tabaka. Ngoma iliibwa Alhamisi, ikakamatwa Jumatatu. Sasa huyo kuku alipata lini nafasi ya kutaga, kuatamia na kutotoa, tena si mara moja?

Akailaza ngoma ubavu, akatazama chini. Badala ya ngozi ya pili palikuwa pamegongomelewa ubao, na ubao ulikuwa umetobolewa kwa chuma cha moto. Akahesabu matundu. Saba.

"Mleteni Longinus," alisema.

Mzee alikuja akiburuta kandambili za mahabusu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono minene, kucha zenye utomvu usiotoka. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na cheti chake cha uraia wa Tanzania alikuwa amekikunja ndani ya nailoni, kwenye mfuko wa shati, hata mle mahabusu.

"Mzee Longinus, ngoma hii ni ya nani?"

"Ya Gisangara."

"Kwa hiyo uliiba."

"Sikuiba. Nilitunza."

"Nani alikupa uitunze?"

Longinus alichokonoa utomvu kwenye ukucha. Mvua iliendelea kuyapiga mabati.

"Haya matundu ni ya nini?"

"Ya hewa."

"Ngoma inapumua?"

"Muulize bibi."

"Bibi ameshasema. Hii hapa alama ya dole gumba lake."

Longinus aliitazama ile karatasi kwa muda, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyowahi kuishi. "Amesema kwa mdomo wa nani, afande?"

Asmahani alifunua jalada. Chini kabisa, kwa mwandiko wa Konstebo Rashid aliyekuwa zamu siku hiyo, palikuwa na mstari mmoja mdogo: *Mlalamikaji hajui Kiswahili. Ametafsiriwa na mjukuu wake, Tharsisi.*

"Kwa mdomo wa mjukuu," alisema.

Longinus alitikisa kichwa taratibu. Alipofika mlangoni aligeuka. "Afande, Vestina amekula?"

"Nani?"

"Mwanangu. Yuko nje kwenye benchi. Ametoka Kitahana kwa miguu, nimemsikia akikohoa."

*

Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili, sare ya shule imelowa, na hotipoti mapajani imefungwa kwa kitenge. Alipomwona Asmahani alishuka kwenye benchi, akapiga goti nusu, akainamisha kichwa na kupiga makofi ya salamu, viganja vimekunjwa kama anayeteka maji. "Mwakeye."

Alipoinama, Asmahani aliona vidoa vitatu vyeusi nyuma ya sikio lake la kushoto. Tope la barabarani, aliwaza. Naye akapiga makofi kuitikia.

Vestina alijikaza asicheke, akashindwa.

"Nini?"

"Unapiga kama unashangilia mpira, afande."

"Sisi Kondoa tunapeana mikono. Nimejifunza hapa hapa." Akaketi. "Umeleta nini?"

"Ugali wa muhogo na maharage. Ya data." Akajisahihisha kwa Kiswahili cha shule. "Ya baba. Atatoka leo?"

"Kesho anakwenda mahakamani."

"Akifungwa nitakaa na nani?"

"Mama yuko wapi?"

"Mama Dorcas alikufa mwaka juzi. Tuko wawili tu." Aliivuta hotipoti karibu. "Mimi ndiye ninayeshika mti akitoboa. Mtu mmoja hawezi kutoboa mzinga."

Asmahani alisugua macho. Watoto wa kwenye benchi la polisi alikuwa amewaona wengi, na jambo alilojifunza ni kuuliza swali lake na kuondoka. "Binti, ile ngoma iliyochukuliwa na polisi, ilifika kwenu lini?"

"Ile ya kuku?"

"Ndiyo. Ile ya kuku."

"Ipo siku zote. Kuku wa kwanza kuatamia mle alikuwa mweupe, nilikuwa sijaanza shule. Ndiyo ile ya kwenye hadithi."

"Hadithi gani?"

Vestina aliona haya. Alitazama vidole vya miguu yake, kisha akaanza kwa sauti ndogo. Kila alivyokwenda, sauti ilikua, ikaacha kuwa ya mtoto wa kwenye benchi.

Kulikuwa na binti wa mwami, alisema, aliyezaliwa katika nyumba anamokaa fisi. Fisi huyo alivaa koti, alinawa mikono kabla ya kula, na kila mtu alimwita baba mdogo. Alikuwa ameshawala kaka wawili wa yule binti. Basi malkia mzee akaiendea ngoma kubwa, akaiambia, mmeze huyu. Ngoma ikammeza bila kumtafuna, ikatoka kwenda zake. Langoni walinzi wakauliza, ngoma, unakwenda wapi? Ikajibu, ninaumwa, ninakwenda kubadilishwa ngozi. Nani humzuia mgonjwa? Wakafungua. Ikafika mto Malagarasi, ikaelea kama kibuyu. Humo ndani mlikuwa na giza, lakini yule binti aliona nyota, akavuta pumzi kupitia nyota hadi ng'ambo.

"Nyota ngapi?"

"Saba."

Asmahani aligeuza jalada akaandika *saba* kwenye mgongo wake. "Halafu?"

"Basi. Data hamalizi. Akifika kwenye mizinga ya nyuki hukohoa, akasema nenda kalale."

"Hujawahi kumwuliza mwisho wake?"

"Kila siku namwuliza. Anasema mwisho wake anao mtu mwingine."

Asmahani alisimama, akatoka barazani kutafuta mtandao. Alimpigia mtendaji wa kijiji cha Gisangara, akajitambulisha, akauliza swali moja.

"Ngoma?" Sauti ya mtendaji ilikuja ikikatika. "Niko hapa mwaka wa tisa, dada yangu. Harusi zao ngoma huwa wanaazima kwa watu wa Gwarama. Wazee husema ya kwao ilioza zamani, fundi akaichukua haikurudi. Lakini labda waliificha. Nyumba ya mwami haikosi vya kuficha."

"Ahsante."

"Mnatuletea gari lini? Barabara yetu huku..."

Mtandao ukamwokoa.

*

Saa tano kasoro Tharsisi aliingia kituoni akimwongoza bibi yake kwa kiwiko. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini, viatu vyake amevivalisha mifuko ya nailoni kwa ajili ya tope. Bibi Pelagia alikuwa mwembamba kama ufito, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Watu waliokuwa wakingoja kwenye kaunta walimpigia makofi ya heshima. Yeye alitikisa kidevu tu. Huyo alikuwa mtu wa kupigiwa makofi, si wa kupiga.

"Afande, tusicheleweshane," Tharsisi alisema. "Jumamosi wazee wananikalisha. Bila ngoma hawataki kunisikia."

"Kukukalisha wapi?"

"Kwenye kiti cha ukoo. Siyo utawala, utawala ulishakwisha, ninyi serikali mnajua. Ni heshima tu. Kuna makaburi, kuna mila, lazima awepo msimamizi."

"Wewe umekulia Gisangara?"

"Morogoro. Mama alikuwa na kazi kule. Nimerudi baada ya shule."

"Kiha chako kizuri?"

Tharsisi alicheka. "Cha sokoni. Bibi akienda mbio ananiacha. Lakini tunaelewana."

Asmahani alimtazama hadi kicheko kikaisha. Alikuwa amemchukulia Tharsisi kuwa mwongo, na wazo hilo lilikuwa limemkaa vizuri tangu simu ya mtendaji. Sasa lilianza kulegea. Mwongo asingekiri kwamba Kiha chake ni cha sokoni.

"Nahitaji nakala tatu za kitambulisho chako," alisema. "Mashine yetu imekufa. Ng'ambo ya barabara kuna duka."

Tharsisi alitazama mvua, akatazama viatu vyake, akatoka.

Asmahani alimwingiza bibi kwenye stoo ya vielelezo, akamkalisha kwenye kiti pekee, kisha akafungua mlango wa nje na kumwita Vestina.

"Kiha unakijua?"

"Ndicho tunachosema nyumbani. Kirundi cha data kimechanganyika humo humo."

"Nataka uniazime mdomo. Akisema, unasema. Usiongeze, usipunguze. Ni kwa ajili ya baba yako, umenielewa?"

Vestina alipiga goti, akamsalimu bibi kwa makofi. Bibi Pelagia alitega sikio upande ilikotoka ile sauti, akabaki ametega.

"Mwulize ngoma yake iliibwa lini."

Msichana aliuliza. Bibi alikunja uso, akajibu kwa kifupi.

"Anasema, nani amesema imeibwa?"

"Alisema yeye. Aliweka dole gumba."

Safari hii bibi alijibu kwa kirefu. "Anasema alikuja kuiambia serikali kwamba ingoma iko kwa Longinus wa Kitahana. Anataka aishike kabla hajafa. Basi. Neno la kuiba hakulisema."

Asmahani aliushika mkono wa bibi, akauweka juu ya mbao. "Mwambie hii hapa. Aishike."

Vidole vikavu vilitembea juu ya ule mti, vikapita kwenye mpasuko, vikashuka hadi chini kwenye ubao, vikaingia tundu moja moja. Bibi alitabasamu kidogo. Kisha akautoa mkono wake, akasema neno.

"Anasema, huu ni mti na ngozi. Huu ulibeba. Anauliza, ingoma yenyewe iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo!"

Vestina alisita. "Afande, naweza kuongeza kidogo? Langu mwenyewe?"

"Ongeza."

"Kwetu ingoma ni ngoma hii ya kupiga. Lakini tena ni utawala. Mwami akikaa, wanasema amekaa kwenye ingoma. Na mtoto aliyezaliwa kuurithi..." Alitafuta neno la Kiswahili, akalikosa. "Naye huitwa hivyo hivyo. Ingoma."

"Umeyajua wapi haya?"

"Kwenye hadithi. Data humwita hivyo yule binti."

Asmahani aliketi juu ya ndoo yake. Alilifungua jalada na kuisoma tena sentensi ya Rashid, *ngoma moja ya kale*. Rashid ni mtu wa Lindi. Tharsisi ni wa Morogoro. Mwanamke mzee alisema neno, neno likapita kwenye midomo miwili ya wageni, na lilipofika kwenye karatasi lilikuwa limeota ngozi na kamba. Kwa kosa hilo mtu alikuwa amelala sakafuni siku tatu.

"Mwulize huyo mtoto alimpa nani," alisema polepole.

Vestina aliuliza. Bibi alizungumza akiwa ameinamisha kichwa, sauti yake tambarare, ya mtu aliyeisema habari hiyo peke yake mara nyingi mno. Msichana alifuata nyuma yake, sentensi kwa sentensi, akikazana asipoteze hata moja.

"Anasema alimpa kwa mikono yake mwenyewe. Fundi alikuja kubadilisha ngozi ya ngoma. Mama wa mtoto alikuwa amekufa siku ya uzazi, baba mtu, mwana wa mwami wa mwisho, alishatangulia. Anasema kabla yake walikuwepo wawili, wote wa kiume. Wote walikufa kabla ya kuota meno. Uji ule ule, kikombe kile kile, mkono ule ule wa Leonidasi."

"Leonidasi ni nani?"

"Baba yao mdogo. Baba yake Tharsisi." Vestina alitupa jicho mlangoni. "Anasema hakuwa na ushahidi, alikuwa na makaburi mawili tu. Akamwambia fundi atoboe ubao, amweke mtoto ndani, atoke naye mchana watu wakiona, maana mchana hakuna anayeulizwa habari ya ngoma mbovu. Anasema fundi aliapa kutosema mpaka Leonidasi afe. Leonidasi amekufa Pasaka hii, na fundi hajaambiwa."

Sauti ya msichana ilikuwa imepungua. Asmahani alimwona akianza kusikia maneno yake mwenyewe. Angeweza kumkatiza hapo. Aliangalia mlango, akaangalia jalada, na kesho ya Longinus ilikuwa ndani yake.

"Mwulize atamtambuaje."

Vestina hakuuliza upesi. Alipouliza, bibi alijibu kwa maneno machache.

"Anasema... alizaliwa na punje tatu za ulezi."

"Wapi?"

"Nyuma ya sikio. La kushoto."

Mkono wa msichana ulikuwa umeshapanda wenyewe. Vile vidoa vitatu vilikuwa pale pale, na mvua yote ya kutoka Kitahana haikuwa imevifuta.

Bibi Pelagia alinyoosha mkono kuelekea ilikotoka ile sauti. Alilipata bega, akaipata shingo, akalipata sikio. Akapitisha kidole, mara moja, mara ya pili. Kisha mwanamke ambaye wilaya nzima humpigia makofi aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya saruji yenye manyoya ya kuku, akakunja viganja na kupiga makofi, pole pole.

"Bibi!" Tharsisi alikuwa amesimama mlangoni, nakala tatu zikidondosha maji. "Bibi anafanya nini? Huyu mtoto ni nani?"

"Ile Alhamisi uliitoa wapi?" Asmahani aliuliza bila kusimama.

"Alhamisi gani?"

"Siku ya wizi."

"Yule konstebo aliniuliza lini. Kuna nafasi ya tarehe kwenye fomu, nikataja Alhamisi. Ningesemaje?"

"Na kuibwa?"

"Alisema iko kwa Longinus. Kitu chako kikiwa kwa mtu mwingine, si kimeibwa?" Alimtazama bibi yake sakafuni, akamtazama msichana, akaliona lile sikio, na kitu usoni mwake kikashuka. "Hapana. Yule mtoto alikufa. Baba alituambia alikufa, tulizika."

"Mlizika nini?"

"Sanduku. Dogo."

"Mlilifungua?"

"Nani hufungua, afande?"

Tharsisi aliegemea mlango, akazikunja zile nakala mara mbili, mara nne, mpaka zikakataa kukunjika. "Lakini ni msichana," alisema mwishowe, kwa sauti ya kuomba.

"Mimi ni polisi," Asmahani alisema. "Sikalishi watu kwenye viti." Alikuwa amechoka. Aliliona jalada jipya likija, la watoto wawili na kikombe cha uji, mtuhumiwa wake akiwa kaburini, shahidi wake kipofu. Hilo lingekuja. Kwanza hili lililokuwa gotini. "Vestina. Mwambie bibi ainuke, sakafu ni baridi."

Vestina alikuwa amesimama wima, hotipoti ameikumbatia. Hakulia. Alisema jambo kwa Kiha, fupi, na makofi ya bibi yakakatika.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwuliza kama kweli mimi ndiye ingoma."

"Na yeye?"

"Amesema ndimi. Na kwamba nikisema neno halirudi nyuma, ni amri."

"Kisha?"

"Nimelisema." Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa mahabusu. "Nimesema data afunguliwe, chakula chake kinapoa."

Asmahani alichukua karatasi safi, akaandika kwa mkono kwamba mlalamikaji anafuta malalamiko yake, hakuna kilichoibwa. Alipofungua kisahani cha wino, Bibi Pelagia, akiwa bado amepiga magoti, alikuwa ameshanyoosha dole gumba, likitafuta wino.